Daftari langu limeniokolea 25,000

Nina duka dogo la unga na maharage hapa Morogoro. Miaka yote nililipa kodi ya makadirio bila kuuliza. Mwaka 2023 nikapeleka daftari langu kwenye ofisi hii ya uhasibu, limejaa vumbi la unga. Dada wa mapokezi ndiye mhasibu mwenyewe; alilipitia mstari kwa mstari, akajumlisha: mauzo 6,500,000 kwa mwaka. Bila kumbukumbu za mauzo ningelipa TRA, mamlaka ya mapato, shilingi 100,000. Kwa kuwa ninazo, ni asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 75,000, tena kwa awamu nne. Ofisi ya uhasibu ilinitoza 15,000. Foleni ya Machi inachosha, nilikaa benchini saa tatu. Lakini dada yule anaelekeza kwa moyo. Siku hizi sifungi duka kabla sijaandika mauzo.