Uzoefu wangu: diski nne za SSD ndani ya seva ya mwaka 2013

Seva ninayoisimamia ni Dell PowerEdge R720, ambayo kampuni yetu ya biashara ya jumla hapa Mwanza iliinunua mwishoni mwa mwaka 2013 ikiwa na vichakataji viwili vya Xeon E5-2650 v2, RAM ya GB 128 na diski sita za SAS (aina ya diski za seva) za GB 600 zinazozunguka mara 10,000 kwa dakika. Juu yake tunaendesha Proxmox VE, mfumo unaoiwezesha seva moja kubeba kompyuta nyingi za kiprogramu, yenye mashine pepe tisa: hifadhidata ya uhasibu, seva ya mafaili, seva mbili za akaunti za watumiaji, mfumo wa stoo, na nyingine ndogondogo ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zizime. Ninaandika baada ya miezi kumi na moja ya kutumia diski mpya za SSD, yaani zinazohifadhi data kwenye chipu bila kitu kinachozunguka, kwa sababu tathmini nyingi nilizozisoma kabla ya kununua ziliandikwa katika wiki ya kwanza, na katika wiki ya kwanza kila SSD ni nzuri.

Shida yetu ilikuwa ya asubuhi. Kati ya saa mbili na saa tatu, wafanyakazi wote wanapofungua mifumo kwa pamoja, kila kitu kiliganda. Mhasibu mkuu, mama ambaye hana kawaida ya kulalamika, aliniita mezani kwake akaniambia, “Mwanangu, nimebonyeza ripoti, nimekwenda kuchemsha chai, nimeinywa, nimeosha kikombe, na hii bado inazunguka tu.” Bosi alikwisha kuamini kwamba seva imezeeka na dawa yake ni kuinunulia mrithi, profoma ya seva mpya ilikuwa mezani kwake, shilingi milioni 31 bila kuhesabu leseni. Nilimwomba wiki moja kabla hajatia saini.

Wiki hiyo niliitumia kutazama grafu. Saa mbili na nusu asubuhi vichakataji vilikuwa vinatumika asilimia 12 tu, ilhali muda wa kusubiri diski ulipanda hadi asilimia 38, na kila ombi lililopelekwa kwenye diski lilikaa foleni takriban milisekunde 90 kabla ya kuhudumiwa. Seva haikuwa imechoka kufikiri; ilikuwa imesimama inangoja. Hesabu yake si ngumu. Diski moja ya mizunguko 10,000 humudu maombi madogo yaliyotawanyika yapatayo 140 kwa sekunde, kwa hiyo sita zinakupa kama 840 unaposoma. Lakini diski zetu zilikuwa zimefungwa katika RAID 5, mpangilio wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data isipotee, ambamo kila ombi dogo la kuandika huzaa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani (hesabu ya kurejeshea data diski ikifa), kuandika data mpya na kuandika pariti mpya. Gawanya 840 kwa nne, unabaki na 210, na hizo ndizo mashine tisa zilizokuwa zinagombea kila asubuhi.

Kwa miaka mingi udhaifu huo ulifichwa na kache ya kontrola (kumbukumbu ya muda ya kifaa kinachosimamia diski), ambayo hupokea maandishi haraka na kuyapeleka diskini baadaye kwa utaratibu. Kache hiyo hulindwa na betri, na betri ya miaka kumi huchoka kama betri yoyote. Ikishachoka, kontrola kwa usalama huacha kuitumia kache na kupeleka kila kitu moja kwa moja kwenye diski. Ujumbe wa kusema hivyo niliukuta katika kumbukumbu za matukio, umekaa miezi saba bila kusomwa, na mtu aliyepaswa kuusoma nilikuwa mimi.

Ningeweza kununua betri mpya na kunyamaza. Kwa asubuhi tulivu ingetosha. Lakini diski zenyewe zilikuwa zimewaka kwa zaidi ya saa 90,000, mbili kati yake orodha ya kasoro ilikuwa inaongezeka kila mwezi, na katika RAID 5 diski ya pili kufa wakati ya kwanza inajengwa upya ni msiba wa ofisi nzima. Niliamua kubadilisha zote.

Hapo nikafanya kosa la kwanza, la kubana matumizi mahali pasipobanika. Nilinunua SSD mbili za TB 2 za kompyuta za kawaida, zile za bei nafuu zinazosifiwa kwa kasi, nikazijaribu kwenye mashine ya pembeni kabla ya kuzigusisha seva, na nashukuru nilizijaribu. Faili kubwa lilianza kunakiliwa kwa MB 480 kwa sekunde, likaenda hivyo kwa takriban GB 100, kisha likaporomoka hadi MB 70, yaani polepole kuliko diski za zamani nilizotaka kuzistaafisha. Sababu ni kwamba diski za aina hii zina sehemu ndogo ya haraka inayopokea data kwanza, na ikijaa unabaki na kumbukumbu yenyewe ya QLC, ambayo huhifadhi biti nne katika kila seli na huandika kwa kusuasua. Kipimo cha pveperf, kinachohesabu ni mara ngapi kwa sekunde diski inaweza kuthibitisha kwamba data imekwisha kuandikwa kweli, kilitoa takriban 250. Safu yetu ya zamani yenye betri mfu ilikuwa inatoa 90. Diski hizo mbili nilizihamishia kwenye kompyuta za mapokezi, ambako zinafanya kazi vizuri hadi leo, maana kosa halikuwa lao.

Tofauti ambayo bei haikuoneshi kwa macho ni kinga ya umeme kukatika. SSD ya seva ina kapasita ndani yake zinazobaki na chaji ya kutosha kumalizia kuandika kilichokuwa njiani umeme unapokatika. Kwa kuwa ina uhakika huo, inaweza kuiambia hifadhidata “nimeandika” mara tu data inapoingia kwenye kumbukumbu yake ya muda, wakati diski isiyo na kapasita inalazimika kungoja mpaka data ifike kwenye seli. Watu wengi huichukulia kinga hiyo kuwa ya usalama peke yake, nami nilikuwa mmoja wao. Kumbe kwa hifadhidata ndiyo kasi yenyewe.

Nilichonunua hatimaye ni Kingston DC600M za TB 1.92, nne za kutumia na moja ya akiba. Ni diski za SATA zenye kapasita hizo, dhamana ya miaka mitano, na uwezo wa kuandikwa ujazo wake wote mara moja kila siku kwa miaka hiyo mitano, ambao kwa ukubwa huu ni TB 3,504. Kila moja ilinigharimu kidogo zaidi ya shilingi 650,000. Ziliagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi kama kifurushi, na nilizipokea stendi zimefungwa ndani ya boksi la biskuti, jambo lililoninyima usingizi mpaka nilipozichomeka moja moja na kusoma taarifa zake kwa smartctl: saa za kuwaka sifuri, data iliyoandikwa sifuri. Kipimo hicho kifanye hata kama muuzaji ni rafiki yako, kwa sababu diski iliyotumika haina alama usoni.

Badala ya kontrola ya RAID nilichagua kadi ya LSI 9207-8i, ambayo huionesha kila diski kwa mfumo kama ilivyo, ili kazi ya kuzipanga na kuzikagua ifanywe na ZFS, yaani programu ya kusimamia hifadhi. Hapa nikafanya kosa la pili. Kebo zilizokuwa ndani ya seva zilikatwa kwa urefu wa kufika kwenye kontrola ya zamani iliyobandikwa ubaoni, na kadi mpya inakaa nyuma kabisa kwenye nafasi za PCIe za kuchomekea kadi. Zilipungua urefu wa kiganja. Nilifunga seva, nikaagiza kebo ndefu za SFF-8087, nikasubiri siku tisa huku mhasibu mkuu akiendelea kuosha kikombe chake.

Kazi yenyewe niliifanya Jumamosi usiku, Agosti 2024. Mashine zote tisa zilikuwa na TB 1.4 za data, na kuzinakili kwenda kwenye hifadhi ya mtandao kwa kebo ya gigabiti moja, yaani kama MB 110 kwa sekunde, kulichukua saa tatu na nusu. Alhamisi ya wiki hiyo nilikwisha kurejesha nakala ya mashine ya uhasibu kwenye kompyuta nyingine na kuifungua, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuirejesha ni matumaini tu. Baada ya hapo nikazima seva na kufungua mfuniko: vumbi la miaka kumi, la kijivu, laini kama unga wa muhogo, limejaa kwenye mapezi ya kupoozea vichakataji. Trei za diski za zamani zinafaa kwa diski mpya, ila skrubu moja ilikuwa imelika kichwa na bisibisi likawa linazunguka bure. Nikaweka kipande cha mpira wa kufungia noti kati ya bisibisi na skrubu, nikakandamiza, ikatoka. Niliweka Proxmox VE 8 upya juu ya diski nne zilizopangwa kama RAID 10, ambamo kila data huandikwa kwenye diski mbili, nikaanza kurejesha mashine moja baada ya nyingine, na saa kumi alfajiri hifadhidata ya uhasibu ilikuwa imewaka. Kitu kilichonishangaza zaidi usiku ule ni ukimya. Ule mlio mwembamba wa diski, ambao kwa miaka yote nilidhani ni wa feni, haukuwepo tena.

Jumatatu asubuhi ripoti iliyokuwa inachukua dakika sita na sekunde arobaini ilifunguka kwa sekunde 35. Kipimo cha pveperf kilitoka 90 hadi zaidi ya 4,000. Muda wa kusubiri diski haujawahi kuvuka asilimia moja tangu siku hiyo, ilhali matumizi ya vichakataji yamepanda hadi asilimia 30 saa za asubuhi, jambo lililomtia bosi wasiwasi mpaka nilipomweleza kwamba sasa vinafanya kazi badala ya kungoja. Mzigo kwenye UPS ulishuka kutoka wati 300 hadi 255. Nakala za usiku zilizokuwa zinakula saa saba sasa ni saa tatu na nusu, na hapo kinachobana si diski tena bali mtandao.

Baada ya miezi kumi na moja, diski iliyoandikwa zaidi imepokea TB 41, ambazo ni kama asilimia moja ya kiwango chake. ZFS hukagua data yote kila Jumapili ya pili ya mwezi. Kwetu ukaguzi huo humalizika kwa nusu saa, na haujakuta kosa lolote.

Malalamiko ninayo. Nimelipia takriban TB 7.7 na ninatumia nusu yake, na hata nusu hiyo si vizuri kuijaza zaidi ya asilimia 80. Chaguo la kuruhusu mashine pepe kuiarifu hifadhi kwamba faili limefutwa halikuwa limewekwa kwenye mashine zilizorejeshwa, na sikuligundua kwa wiki tatu, ambapo seva ya mafaili iliendelea kushika GB 300 zilizokwisha kufutwa. Kuhusu RAM, usakinishaji mpya wa Proxmox kuanzia toleo la 8.1 huipa kache ya ZFS asilimia 10 tu ya RAM, kwetu kama GB 13. Niliipandisha hadi 24 kwa kuwa nafasi ilikuwepo. Wapo watakaouliza kwa nini si NVMe, zile SSD za kasi zaidi zinazopitia PCIe. R720 haiwezi kuwaka kutoka NVMe bila ujanja, na mimi ninataka diski ninayoweza kuichomoa kwa mbele bila kuzima chochote.

Gharama yote, pamoja na kadi, kebo na diski ya akiba, haikufika shilingi milioni nne. Kwa seva ya umri huu iliyo na RAM ya kutosha ningenunua tena bila kusita, ila kwanza ningetazama grafu, kwa maana kama wakati wa msongamano vichakataji vyako viko asilimia 90, diski hazitakusaidia.

Kitakachoistaafisha seva yetu nakiona tayari. Vichakataji vya E5 v2 havina maelekezo ya AVX2 (amri za ziada za kukokotoa haraka), na mwezi Mei 2025 mfumo endeshi wa Red Hat Enterprise Linux 10 umetoka ukiyataka, kwa hiyo mifumo itakayojengwa juu yake haitawaka hapa. Nimeandika seva mpya kwenye bajeti ya mwaka 2027, na kwenye mstari wa diski nimeweka sifuri, kwa sababu hizi nne zitahama pamoja na mashine zake. Dhamana yake inaisha Agosti 2029, na ile ya tano bado iko kwenye droo yangu haijakatwa lakiri.