Nesi wa usiku kutoka Malindi: nyota tano kwake, mbili kwa ofisi yake

Mama alipatwa na kiharusi mwezi wa Rajabu, upande wa kushoto ukalala. Hospitali ilipomruhusu tulimrudisha nyumbani hapa Langoni, Lamu, na mpira wa mkojo na karatasi ya dawa. Mchana nilijimudu, maana cherehani yangu iko chumba cha pili na mlango hatuufungi. Usiku ndio ulionishinda. Wiki ya pili nilikata kanzu ya mteja kombo, kitambaa cha watu, nikajua nimefika mwisho.

Kakangu wa Mombasa akanipa namba ya wakala wa manesi wa nyumbani, ofisi yao iko Malindi. Jina silitaji, mtaona kwa nini.

Kijana wa simu alinisomea bei mbio mbio: nesi wa cheti 2,000 kwa saa kumi na mbili, wa diploma 2,500, wa shahada 3,500. Zamu ya usiku ongeza 500. Lamu ongeza 800, "sababu ni kisiwa, mama." Nikasema nataka wa shahada. Ni mama yangu, na nilikuwa na hofu. Ikawa 4,800 kwa usiku mmoja. Tukachanga mimi na kaka, tukalipa usiku kumi mbele, 48,000.

Sista alifika baada ya alasiri, amepanda basi Malindi akapita Garsen na Witu hadi Mokowe, akavuka kwa boti. Begi moja na mashine yake mwenyewe ya kupima presha. Nikamkaribisha chai, akasema ngoja kwanza, akaenda kufunua shuka miguuni mwa Mama.

"Dada, njoo utazame."

Kisigino cha kushoto kilikuwa na doa jekundu kama sarafu ya shilingi ishirini. Mimi nilikuwa nimeliona, nikadhani ni mbu. Akalibonyeza kwa kidole, akaachia. "Lingegeuka jeupe ningepumua. Hili limebaki vilevile, ndiyo mwanzo wa kidonda." Akaukunja mto, akauweka chini ya shavu la mguu, kisigino kikabaki kinaning'inia, hakigusi kitu. Kisha akautoa mfuko wa mkojo juu ya kitanda, mahali nilipokuwa nikiuweka mimi usiingie vumbi, akaufunga chini pembeni. Mkojo ukirudi juu, alisema, unarudi na maradhi.

Usiku kucha alimgeuza kila baada ya saa mbili, na kila mara aliandika kwenye daftari: saa nne kulia, saa sita chali, saa nane kushoto. Daftari lile ninalo mpaka leo. Usiku wa sita lile doa lilikuwa limefifia.

Sasa njoo kwenye ofisi. Usiku wa nne sikupata usingizi, nikamtengenezea chai ya tangawizi, tukazungumza huku akikunja shashi. Nikamuuliza shahada aliisomea wapi. Akacheka. "Shahada gani, dada? Mimi nina diploma, miaka mitatu KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba." Nikamtajia nilicholipa. Akaacha kukunja. Yeye analipwa 1,800, iwe mchana au usiku, iwe Malindi au Lamu. Na nauli ya boti aliitoa mfukoni mwake.

Zile 800 za kisiwa na 500 za usiku ziliishia wapi, fanyeni hesabu wenyewe.

Akanieleza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Manesi wa umma wako chini ya kaunti tangu 2013: wa cheti huanzia daraja la mshahara G, wa diploma H, wa shahada K, na K ndilo la juu. Kwa hiyo elimu kweli ina bei yake. Mtumishi aliyepangiwa Lamu naye huongezewa marupurupu ya mazingira magumu. Ila usiku, alipokuwa kwa mkataba hospitali ya kaunti, ulilipwa kwa siku za kupumzika, si kwa pesa. Mwenzake waliyesoma pamoja yuko London, hospitali ya serikali. Huko Jumamosi na usiku ni asilimia 30 juu ya malipo ya saa, Jumapili na sikukuu 60, na ukiwa London ya katikati asilimia 20 nyingine juu ya mshahara. "Na vyote vimeandikwa kwenye hati yake ya mshahara," akasema. Hakusema kwa uchungu. Mimi ndiye niliyeona uchungu.

Asubuhi nikapiga simu. Kijana akasema wa shahada "walikuwa wameisha", utadhani mkate. Nikadai 1,000 yangu ya kila usiku, tofauti ya shahada na diploma. Baada ya siku tatu ikaingia M-Pesa, 10,000 kamili, pole hata moja hakuna. Nusu yake nikampa sista mkononi, 500 kwa kila usiku, kwa sababu hiyo nilishailipa kwa jina la usiku.

Nyota mbili za ofisi: moja kwa kurudisha pesa, moja kwa kuwa simu yao hupokelewa hata saa kumi na moja alfajiri. Mkiwatumia, au wakala yeyote, ombeni jina na namba ya leseni ya nesi kabla ya kutuma pesa, mkaangalie kwenye orodha ya Baraza la Wauguzi mtandaoni. Mimi nilitazama baada ya kulipa. Na kwa mgonjwa wa kugeuzwa, kufungwa kidonda na kuangaliwa mpira, diploma inatosha sana.

Nilitaka kumwita tena moja kwa moja, akakataa. Mkataba wake unamzuia kufanya kazi na mteja wa ofisi kwa miezi sita. Kwa hiyo Jumatatu nitampigia yule kijana, nimtaje sista kwa jina, na nilipe bei ya diploma. Nauli ya boti nitampa mwenyewe pale gatini.