Ubao wa misumari wa kujifunzia uakisi: uzoefu wangu

Binti yangu yuko Kidato cha Pili hapa Kigoma, na mada ya kuakisi nukta, yaani kuipeleka upande wa pili wa mstari kama taswira kwenye kioo, ilikuwa inamtoa machozi. Akiambiwa aakisi kwenye mhimili wa x, ule mstari wa kulala, yeye anabadilisha x. Nukta (3, 2) anaiandika (-3, 2). Nikimweleza anaitikia, kesho kosa ni lile lile.

Mwezi uliopita nikanunua ubao kwa fundi seremala wa Mwanga, shilingi 15,000. Una misumari 169, safu 13 kwa 13, kuanzia -6 hadi 6. Mhimili wa x umepakwa nyekundu, wa y bluu, na unapewa mipira ile ya kufungia hela ya kuchorea pembetatu.

Uzuri wake uko kwenye kidole. Ukiwa (3, 2) unashuka misumari miwili, unaukuta mstari mwekundu, unashuka miwili tena: (3, -2). Mkono haukwenda kulia wala kushoto, basi x imebaki ilivyo. Kwenye daftari hakuwa analiona hilo hata kidogo! Jioni ile ile akaniita: "Mama, (4, 0) haiendi popote, imekaa juu ya kioo chenyewe." Nilifurahi mno.

Juzi akachukua ramani ya Afrika, Ikweta akaifanya mhimili wa x. Kigoma ipo takriban nyuzi 4.9 Kusini na 29.6 Mashariki. Akaiakisi, ikaangukia nyuzi 4.9 Kaskazini, 29.6 ile ile: jirani kabisa na mji wa Maridi, Sudan Kusini.

Kasoro zipo. Kingo hazikupigwa msasa, zilimchoma vibanzi, na misumari ya pembeni imeanza kulegea. Mstari wa y = x haujachorwa; tulifunga uzi wenyewe kutoka (-6, -6) hadi (6, 6) ndipo akaona x na y zinavyopishana, (3, 2) ikawa (2, 3). Swali likiwa na 8, ubao umeshaisha, mnarudi kwenye karatasi ya grafu.

Wazazi wenzangu, nunueni, ila mwambieni fundi apige msasa na afike hadi 10. Hiyo ni misumari 441, bei itapanda. Mimi nimeshaagiza wa namna hiyo kwa ajili ya mtoto wa dada.