Mara tano katika risasi ishirini: uzoefu wangu wa kutafuta risasi za kujilinda hapa Houston

Mara tano. Sanduku lina risasi ishirini, tano kati ya hizo zilikwama kwenye bastola yangu, mchana kweupe, uwanja wa shabaha umetulia, hakuna anayenifukuza wala mtoto anayelia. Naandika hasira haijaisha, na nikimkumbuka yule muuzaji inapanda upya.

Nianze na dukani, maana huko ndiko kuliharibika.

Sisi ni watu wa Tanga, tuna watoto watatu, na Baba Salma anaendesha malori ya safari ndefu. Siku nne, wakati mwingine tano, hayupo. Baada ya jirani yetu kuvunjiwa mlango usiku tulikaa tukazungumza, tukafuata taratibu zote (tuna makaratasi ya ukaazi wa kudumu, fomu zilijazwa, nikakaguliwa), nikanunua bastola ndogo ya milimita 9 yenye mtutu wa inchi 3. Nikajifunza kuishika. Nikanunua na kisanduku cha chuma chenye kufuli cha kuihifadhia, kwa sababu nina mtoto wa miaka sita anayefungua kila kitu. Kwa mazoezi nilikuwa natumia risasi za kawaida, zile zenye kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba. Hazijawahi kunisumbua hata siku moja. Kilichobaki kilikuwa kupata risasi za kujilinda, za kuweka nyumbani.

Jumamosi moja tukaenda pamoja kwenye duka lile kubwa kando ya barabara kuu. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia muuzaji: mtutu wangu ni mfupi, kuta za nyumba yangu ni jipsam tupu, na wanangu wanalala upande wa pili wa ukuta, unanishauri risasi gani? Swali zima lilitoka kinywani mwangu. Akamgeukia Baba Salma na kumuuliza, "Anataka kitu ambacho hakitamrusha mkono?"

Baba Salma akamjibu, "Muulize mwenyewe. Bastola ni yake."

Hakuniuliza. Alinyoosha mkono kwenye rafu iliyokuwa karibu na mashine ya pesa, hata hakugeuka kuangalia, akasukuma masanduku mawili juu ya kioo na kusema risasi zote zinafanya kazi ileile, na kwamba wanawake wanazipenda hizi. Nikalipa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilinyamaza nikalipa. Sanduku la risasi ishirini kwa pesa ambayo ingenipa sanduku la hamsini la mazoezi na chenji juu.

Sasa niseme kwa nini swali langu halikuwa la kijinga. Risasi za kujilinda zina tundu kichwani. Zikiingia kwenye kitu chenye majimaji, tundu lile linajaa, kichwa kinachanua kama ua, kinapanuka na kupunguza mwendo, na hivyo kinabaki ndani badala ya kupita na kumfuata aliye nyuma. Risasi ya kichwa cha mviringo hupita. Lakini ili kichwa kichanue kinahitaji kasi, na mtutu mfupi unapunguza kasi, kwa sababu baruti haipati nafasi ya kuisukuma vya kutosha kabla haijatoka. Kwa hiyo risasi inayochanua vizuri kwenye bastola kubwa ya polisi inaweza kutoka kwenye bastola yangu na kupita kama msumari. Kuna watengenezaji wanaolijua hilo. Speer wana Gold Dot iliyotengenezwa mahsusi kwa mitutu mifupi. Nguo nazo zina mambo yake: kitambaa kizito kikijaa kwenye tundu, risasi inafanya kama haina tundu kabisa. Ndiyo maana Hornady huliziba tundu la risasi zao za Critical Defense kwa plastiki laini nyekundu.

Na kuna kipimo. FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, waliamka baada ya mapambano yao na majambazi wawili huko Miami tarehe 11 Aprili 1986, walipopoteza maafisa wawili. Mmoja wa wale majambazi alipigwa mapema na risasi ya milimita 9, ikapita mkononi, ikaingia kifuani, ikaishia jirani na moyo bila kuufikia, naye akaendelea kuua. Tangu hapo wakaanza kupima risasi kwa kuzipiga kwenye jelatini, inayosimama badala ya mwili: izame angalau inchi 12, isizidi 18, jelatini ikiwa wazi na ikiwa imefunikwa kwa nguo. Mtu yeyote anayesimama nyuma ya kaunta ya kuuza risasi anapaswa kuweza kumwambia mteja jambo hili kwa dakika mbili. Mimi nilikuja kulipata kwingine.

Kuhusu ukuta, nimwambie mama mwenzangu ukweli ambao ulinikosesha usingizi: jipsam haizuii risasi hata moja, ziwe na tundu au zisiwe nalo. Vumbi la ukuta linaziba tundu na risasi inaendelea. Kwa hiyo jibu la nusu ya swali langu halikuwa kwenye sanduku lolote. Lilikuwa kuhamisha vitanda. Tumehamisha. Kutoka pale ninaposimama mimi hadi mlangoni, hakuna mtoto nyuma ya mstari huo. Muuzaji angeniambia hilo tu, bila kuniuzia chochote, ningerudi kwake maisha yangu yote.

Basi, uwanjani. Risasi ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Ya tatu, nikavuta kifyatulio, kimya. Nikaangalia: slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukipiga, imesimama nusu, na ndani risasi imeinua pua, mdomo wake umegota kwenye ule mteremko wa chuma unaoipandisha kutoka magazini, kile kibebeo cha risasi, kuingia kwenye chemba inakopigiwa. Nikaitoa. Ukingo wa shaba ulikuwa umebonyea upande mmoja, kama sufuria iliyoangushwa. Nikaendelea. Ikakwama tena. Kufikia mara ya tano mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na si kwa kelele. Nilijihesabia muda wa kugonga magazini, kuvuta slaidi na kulenga upya: moja, mbili, tatu, nne. Nikaiona sebule yangu usiku katika hesabu ile. Moja, mbili, tatu, nne, na mlango umeshavunjika.

Pale pale nilikuwa nimeshaandika maoni yangu kichwani: takataka, nyota moja, msinunue.

Pembeni alikuwepo kaka mmoja wa Eldoret aliyewahi kutumikia jeshi la Marekani. Alinisikia nikisema "ya Rabi" akajua ni mwenzake. Akanisogelea. "Dada, pole. Naomba nikuonyeshe kitu, usikasirike." Akaniambia kiganja changu kinalegea kuanzia risasi ya tatu. Slaidi inahitaji mwili wa bastola usimame imara ili irudi nyuma mwendo wake wote. Mkono ukirudi pamoja nayo, nguvu inapotea njiani na risasi inayofuata haisukumwi inavyotakiwa. Sikupenda kulisikia hilo. Nilitoka pale kwenye kaunta nikiwa nimechukuliwa kama sijui kitu, na sasa mtu mwingine ananiambia kosa ni mkono wangu. Lakini aliongea kwa adabu, akanisubiri nimalize kuuliza, na alikuwa na haki. Nikamkubalia.

Kisha nikampa bastola yangu na risasi kumi kutoka sanduku la pili. Mkono wake ni kama kabari ya mwerezi. Mbili zikakwama.

Kwa hiyo haikuwa mkono wangu tu. Nilimwambia hivyo, na yeye akakubali papo hapo. Mdomo wa risasi zile ni mpana mno, na mteremko wa bastola yangu ni mkali. Basi. Vitu viwili vizuri vinaweza kukataana. Akaniambia kitu ambacho sasa nakisema kwa kila dada anayeniuliza: risasi haijawa yako mpaka imepita kwenye bastola yako mwenyewe, kwa mkono wako mwenyewe, mara nyingi, bila kukwama. Video za watu wengine hazihesabiki. Sifa za bastola nyingine hazihesabiki.

Akanipa magazini moja ya zake nijaribu, Federal HST ya greni 124, yaani kichwa chenye uzito wa gramu 8 hivi. Zikapita zote. Nikanunua masanduku matatu, duka jingine, nikazipiga zote sitini kwa siku mbili tofauti, nikiwa nimepumzika na nikiwa nimechoka. Hakuna iliyokwama. Ni ghali, ndiyo, na Baba Salma aliuliza kama lazima nizipige zote. Nikamwambia ndiyo, lazima. Akanunua sanduku la nne mwenyewe.

Kaka yule ndiye pia aliyeniambia nisiwe naingiza risasi ileile kwenye chemba kila usiku. Mimi asubuhi naitoa bastola risasi na kuifungia, usiku naipakia upya, na risasi ya juu ilikuwa ni ileile kila siku. Nyumbani nikaisimamisha mezani kando ya mpya kutoka sandukuni. Jamani. Ile ya zamani ilikuwa fupi. Kwa macho, bila rula, unaona kichwa kimezama ndani ya ganda lake, kwa sababu kila ukikoki kinagonga ule mteremko na kusukumwa nyuma kidogo. Baruti ikibanwa hivyo, mgandamizo unapanda kuliko ilivyokusudiwa, na bastola inaweza kupasuka mkononi. Sasa nazizungusha, na iliyofupika naiweka kando, haipigwi. Wiki ngapi nililala na kitu kile pembeni yangu!

Nilirudi dukani. Nilikuwa na risasi zilizobonyea kwenye mfuko wa nailoni, nikaziweka juu ya kioo. Najua maduka hayarudishi pesa za risasi zilizoshatoka mlangoni, na sababu yake naielewa, hakuna anayetaka kuuziwa risasi iliyokaa kwa mtu asiyemjua. Sikufuata pesa. Nilitaka aangalie tu, aseme pole, amwambie mteja anayefuata mwenye bastola kama yangu. Alizigusa kwa kidole, akamwambia Baba Salma kwamba pengine bastola haijasafishwa. Baba Salma! Aliyesimama hatua tatu nyuma yangu, ameshika mkono wa mtoto! Bastola ile nimeisafisha mimi, kwa mikono hii, usiku wa kuamkia siku ile na kila mara niliporudi uwanjani.

Shemeji yangu aliposikia habari hizi kwa simu kutoka nyumbani alishtuka kwa jambo lingine. Aliuliza mbona natumia risasi zilizopigwa marufuku vitani. Ni kweli, Azimio la The Hague la 1899 lilikataza majeshi kutumia risasi zinazochanua mwilini. Nikamweleza kwamba polisi hapa wanazibeba kwa sababu ileile niliyo nayo mimi, zisipite na kumpata asiyehusika. Hakuridhika sana, na simlaumu, ni jambo zito. Na dada zangu mlioko New Jersey, msinifuate bila kuuliza kwanza: huko risasi za tundu zinaruhusiwa nyumbani kwako na uwanjani, kuzibeba mtaani ni kesi. Texas ni tofauti.

Sasa hukumu yangu juu ya zile risasi za kwanza. Nilisema takataka. Zile kumi zilizobaki nilimpa kaka wa Eldoret, akazipiga kwenye bastola yake kubwa. Alinipigia simu jioni: zote zimepita, na mbili alizozipiga kwenye madumu ya maji zimechanua vizuri, petali sita. Alinitumia picha. Ni nzuri kabisa. Nimeiangalia picha ile muda mrefu na nimeshindwa kujua nifurahi au nikasirike, kwa sababu maana yake ni kwamba risasi hazikuwa mbovu, zilikuwa si za bastola yangu, na mtu pekee aliyeweza kunieleza hilo kabla sijatoa pesa alikuwa anaongea na mume wangu.

Kwa hiyo nyota moja naifuta. Tatu, kama bastola yako ni kubwa, labda nne. Kama ni ndogo kama yangu, hapana, usiziguse. Hata hivyo sandukuni pameandikwa kwamba zinafaa bastola ndogo, na nikilisoma lile neno narudi kwenye moja. Basi ziwe mbili.

Kaunta ile haipati kitu. Wiki iliyopita Baba Salma alipita huko kuchukua mafuta ya kusafishia bastola, mafuta yangu, ya bastola yangu. Mimi nilibaki garini na watoto, vioo juu.