Kayaki ya plastiki ya mita 4.5 kwa ghuba na hori: uzoefu wangu

Kayaki hii ina urefu wa mita 4.5, upana wa sentimita 58 na uzito wa kilo 26 ikiwa tupu. Nimeitumia misimu mitatu kwenye ghuba na hori, na kwa maji ya aina hiyo ninaikubali kabisa. Kwa kasia la sentimita 220 inakwenda kilomita 5 kwa saa bila kumchosha mtu. Kiti ni cha kawaida tu.

Kinachoifanya istahili bei yake ni pezi la chini ya tezi, yaani nyuma ya kayaki, na ndicho kifaa ambacho wengi hukitumia vibaya. Kayaki ikiwa mwendoni, omo, yaani mbele, hubanwa na maji lakini tezi huteleza. Kwa hiyo upepo wa ubavuni husukuma tezi, na omo inageukia kule unakotoka upepo. Dawa yake ni kushusha pezi kidogo kidogo hadi kayaki inyooke; kwa kawaida nusu inatosha. Ukilishusha lote, omo huanza kukimbilia upande wa pili. Pezi zima ni la upepo wa nyuma, na upepo wa mbele haulihitaji. Mzigo nao una neno: ukijaza stoo ya mbele kuliko ya nyuma, unaiongezea omo tabia ile ile ya kugeukia upepo. Maji ya kunywa, kilo moja kwa kila lita, nayaweka nyuma ya kiti, chini kabisa.

Kasoro kubwa iko hapo hapo kwenye pezi. Ukiburuta kayaki ufukweni, kokoto na mchanga huingia kwenye mfereji wake na pezi hukwama. Usilazimishe kitelezi cha kushushia pezi, waya wake utajikunja na hautanyooka tena. Toboa tundu dogo kwenye ncha ya pezi, ufunge kitanzi cha kamba chenye urefu wa sentimita 10, ili mwenzako alivute kutoka nyuma. Na kwanza iache kayaki ielee majini ndipo uketi.

Mifuniko ya mpira haivuji ikiwa ukingo wote umebanwa kwa kiganja na hakuna mchanga kwenye mfuo. Ukutani, kati ya stoo na mahali pa kukaa, kuna kitundu chembamba kama sindano. Tafadhali usikizibe ukidhani ni kasoro! Hewa ya stoo hutanuka juani na kusinyaa kayaki inapoingia maji baridi, na bila kitundu hicho mfuniko hunyonywa ndani au hufyatuka.

Sasa upepo wa bara, ule unaovuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, maana maji yaliyokingwa hudanganya. Karibu na pwani bahari hulala kwa sababu upepo haujapata nafasi ya kuinua mawimbi, lakini ukisogea kilomita moja nje, unakuta mawimbi, na kurudi ni kuupiga kasia upepo wenyewe. Upepo ukifika kilomita 20 kwa saa, mimi nakaa ndani ya mita 100 kutoka ufukweni. Kwenye mlango wa hori, hesabu saa za maji: katika saa sita za kupwa, karibu nusu ya maji yote hutoka saa ya tatu na ya nne. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa saa hizo unaweza kuushinda mkono wako, kwa hiyo pita mwanzoni au mwishoni.

Jaketi la kuokolea, pampu ya mkono na boya la kasia haviji nayo. Vinunue pamoja, kisha ujizoeze kupinduka na kupanda tena kwenye maji ya kina cha kifua kabla ya safari yoyote.

Juu ya gari, pitisha mikanda pale penye kuta za ndani, na uilegeze mara tu ukifika. Plastiki iliyobanwa juani hubonyea tumboni. Bonyeo dogo hurudi lenyewe ukiianika kifudifudi.