Darasa la Waraka kwa Warumi: neema iliyofundishwa kwa utaratibu

Usharika mmoja wa Kilutheri hapa Moshi huendesha darasa la Biblia kila Jumatano jioni, na awamu iliyomalizika hivi karibuni ilihusu Waraka wa Paulo kwa Warumi. Darasa liko wazi kwa Mkristo wa dhehebu lolote, ada yake ni ndogo, ya kugharimia nakala za masomo na chai, na mwalimu ni mchungaji mstaafu anayeijua Biblia kwa kina na kuifundisha bila haraka.

Ubora wa kwanza wa darasa hili ni kwamba lilifuata mpangilio wa Paulo mwenyewe. Sura tatu za kwanza, ambazo mahubiri mengi huziruka ili kuwahi faraja, zilisomwa zote kwa sauti, mpaka ikatuelea kwamba Myahudi mwenye torati na mtu wa mataifa asiyekuwa nayo wanasimama mahali pamoja mbele za Mungu. Tulipofika 3:24, panaposemwa kwamba watu wanahesabiwa haki, yaani wanakubaliwa na Mungu kuwa wenye haki, bure kwa neema, kila mmoja alikwisha kuelewa kwa nini hapakuwa na njia nyingine.

Somo la sura ya tano, kwa maoni yangu, ndilo lililostahili ada yote. Wengi wetu tumekua tukimwaza Baba mkali ambaye hasira yake ilitulizwa na Mwana mpole. Mwalimu alituonyesha katika 5:8 kwamba Mungu ndiye anayeonyesha pendo lake mwenyewe, na kwamba Kristo alikufa tulipokuwa tungali wenye dhambi. Kwa hiyo msalaba umetoka katika upendo wa Baba, na upendo huo ulitangulia toba yetu.

Jioni moja mama mmoja aliuliza kwa nini, ikiwa wokovu ni wa bure, mahali pengine mtu huambiwa atoe sadaka kwanza ndipo aombewe. Mwalimu hakulikwepa swali hilo wala hakulishambulia kanisa lolote. Alirudi kwenye 4:4, ambapo Paulo anasema kuwa ujira wa mfanyakazi huhesabiwa kuwa deni, akaeleza kwamba anayetoa ili apendwe anajaribu kumfanya Mungu kuwa mdeni wake, ilhali sadaka ya Mkristo ni shukrani ya mtu aliyekwisha kupokea. Katika mji ambao watu wagonjwa na wenye madeni huahidiwa miujiza kwa malipo, jibu hilo lilikuwa huduma ya kichungaji kamili.

Sura ya sita ilipewa nafasi yake pia, kwa sababu hatari ya pili ni kudhani kwamba neema inaruhusu kuendelea katika dhambi, na Paulo analikataa wazo hilo kwa ukali.

Udhaifu ulijitokeza mwishoni. Mstari wa Yakobo 2:24, unaosema kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo wala si kwa imani peke yake, na ambao kila Mkatoliki na kila Mlutheri makini atauulizia, ulijadiliwa kwa dakika chache tu, na mabishano ya kale kati ya Agostino, aliyesisitiza neema, na Pelagio, aliyesisitiza uwezo wa mtu mwenyewe, yakatajwa kwa kupita. Tamko la Pamoja kuhusu Kuhesabiwa Haki, lililotiwa saini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999 na Shirikisho la Kilutheri Duniani pamoja na Kanisa Katoliki, tuligawiwa katika ukurasa mmoja bila maelezo. Washiriki Wakatoliki walikuwa kadhaa, nao walistahili kusikia kwamba makanisa yaliyotengana kwa karne nyingi juu ya jambo hili sasa yanakiri pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema pekee, katika imani katika kazi ya Kristo ya kuokoa, wala si kwa sababu ya stahili yoyote iliyo yetu.

Ningependekeza jioni mbili ziongezwe kwa ajili ya Yakobo na tamko hilo. Hata lilivyo sasa, ninalipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa waliopata Kipaimara zamani na hawajaisoma Warumi tangu hapo. Mshiriki aje na Biblia yake mwenyewe na daftari, maana nakala zinazogawiwa zina maswali tu, na majibu hupatikana katika kusoma na kujadiliana.