Chati ya Excel imegoma kukua? Bonyeza Ctrl+T uone

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Video ya printa inakuja, sijasahau, ila leo niacheni na Excel maana hiki kitu nimekijua nimechelewa mpaka naona aibu.

Kuchora chati sifundishi, mnaweza. Kasheshe ni mwezi ukiisha. Cheki hapa, mauzo ya mayai ya bi mkubwa, Januari mpaka Juni, chati iko poa. Naandika Julai chini yake, trei 41, enter... Mmeona? Chati imenuna, imebaki Juni. Mimi kila mwisho wa mwezi nilikuwa nafuta nachora upya, na rangi napanga upya, mtu mzima na akili zangu!

Sasa bofya chati. Ona kule kwenye data, imezungushiwa mistari, buluu kwenye namba, zambarau kwenye miezi. Shika kile kidude cha kona ya chini ya ile buluu, vuta mpaka Julai. Paap! Nguzo ya saba hiyo. Narudia mwone... vuta... hiyo hapo. Ila chati ikiwa shiti nyingine hiyo mistari huioni, usihangaike.

Lakini kilichonimaliza ni Ctrl+T. Bofya ndani ya data, Ctrl+T, inakuuliza kama jedwali lina vichwa, weka tiki, OK. Sasa angalieni mikono yangu, Agosti, 38, enter. Sijagusa chati! Septemba, 52. Inakua yenyewe, na chati ni ileile! Ukiruka mstari tu inakuacha, so andika palepale chini yake. Na hii ipo toka Excel 2007 jamani, tulikuwa wapi?

Watu wa Google Sheets najua mnakuja kwenye komenti, sawa, kule bure na unaweza kuandika mapema eneo la data ya chati mpaka seli B100 ukawa unajaza mdogomdogo. LibreOffice, programu nyingine kama Excel, nayo bure ila eneo unalibadilisha kwenye kidirisha chake kila mara, mi mvivu. Halafu Excel ya kwenye brauza hailipiwi, akaunti ya Microsoft tu, ijaribu kabla hujatoa hela, ila kule Ctrl+T inaweza kukufungulia tabo mpya, pitia Insert, Table.

Aliyeuliza pivoti, yale majedwali ya kufupisha data, wiki ijayo. Ngoja, bi mkubwa anapiga, huyo kashaona nimeandika Septemba trei 52 na hajaziuza.